Daftari Lisilo na Doa

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu, naomba radhi kwa kimya cha miezi mitatu na nusu. Sikukuacha kwa uvivu. Nilikuficha nyuma ya friza ili mke wangu Thora asikusome, kisha nikasahau nilikokuficha. Leo amekuona alipoinama kutafuta kifuniko cha sufuria. Amenikabidhi na kuniambia kwamba alikwisha kukusoma mwezi wa Desemba, na kwamba humo ndani hamna lolote. Nimeudhika. Humo ndani mna mambo mazito.

Basi, kwa ufupi. Nina umri wa miaka sitini na tisa. Nilifundisha sarufi kwa miaka thelathini na saba. Sasa ni mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa kwanza. Chuo kikuu chetu huwapokea wazee bila ada, mradi viti vimebaki baada ya wanaolipa kuketi. Na hapo ndipo penye balaa. Profesa Desrosiers ametangaza leo kwamba katika maabara ya mwaka wa pili kiti cha wazee kilichobaki ni kimoja. Wazee tuko wawili: mimi na Bi. Darka Hrynchuk.

Bi. Hrynchuk ana miaka sabini na mmoja. Aliendesha basi la shule kwa miaka arobaini, na wanafunzi wangu wengi waliletwa naye, wamechelewa. Hajui tofauti ya mkato na nuktamkato. Katika mtihani wa Februari alipata tisini na moja. Mimi nilipata sitini na tatu. Sina kinyongo. Mtihani ule ulijaa magari yanayoteleza kwenye barafu.

Tena ndiye mwenzangu wa maabara, meza ya saba. Msaidizi wa maabara, Gurleen Sandhu, aliyetuweka pamoja Septemba, alisema alifuata alfabeti. Sijapata kuona alfabeti ambamo Hrynchuk na Sigurdson, yaani mimi, wanakaa jirani.

Profesa atachagua kwa kuangalia daftari la maabara la kila mmoja wetu. Jaribio la mwisho ni keshokutwa. Pendulamu.

Nieleze mara moja kwa nini nakitaka kiti kile, kisha nisilirudie. Mwaka wa pili wana chumba cha giza chenye kioo kinachozunguka kwa kasi, na humo mwanafunzi huupima mwendo wa nuru kwa mikono yake mwenyewe. Nimeishi katika nuru hiyo miaka sitini na tisa, nikiwaamini watu wengine kuhusu mwendo wake. Nataka kuupima mwenyewe kabla sijafa. Basi. Yameisha.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: keki.

Nilimwomba Thora aoke vinaterta, ile keki ya babu zetu ya tabaka saba za plamu. Nilimwambia ni kwa ajili ya wagonjwa. Aliuliza wagonjwa gani. Nikasema kwa jumla.

Nilifika ofisini kwa Profesa saa tatu kamili. Nimechelewa! Bi. Hrynchuk alikuwa amekwisha kuweka sinia kubwa la pirohi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani, ukumbini, kwa sababu mfagiaji wa jengo anastaafu. Watu wote walikuwa wanakula. Profesa alikuwa na krimu chachu kidevuni. Mfagiaji alikuwa analia kwa furaha. Sikuwahi hata kujua kwamba jengo lina mfagiaji.

Nikaiweka keki yangu mezani. Ilitoa sauti ya tofali. Nilikuwa nimeilaza garini usiku kucha ili Thora asione ninaipeleka wapi, na usiku wa jana ulikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Kisu hakikuingia. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa adabu kama kile ni kifaa cha maabara. Mwingine akakipima uzito.

Bi. Hrynchuk aliniwekea pirohi sita kwenye sahani. Nilikula nne tu, kwa kuonyesha msimamo.

Jioni nimesoma mwongozo wa jaribio la pendulamu, kurasa kumi na mbili, ulioandikwa na Gurleen Sandhu. Makosa arobaini na matatu! Nimeyasahihisha yote kwa wino mwekundu. Nimefuta pia sentensi zisizo na kazi. Juu ya jalada nimeandika: nne kwa kumi, jitahidi. Kesho nitamkabidhi. Hii ndiyo mbinu ya pili. Atamwambia Profesa kwamba meza ya saba ina mtu makini.

Jumatano, 5 Machi

Nimemkabidhi Gurleen mwongozo wake. Aliufungua, akaufunga. Akasema ahsante, mzee wangu. Nadhani ameguswa.

Kisha jaribio. Kazi yenyewe ni nyepesi. Unaning'iniza kipande cha chuma kwenye uzi wa mita moja, uliopimwa kwa rula ndefu ya meza yako, unakiachia kibembee, unahesabu mibembeo ishirini, unaangalia saa. Kutoka urefu wa uzi na muda wa mibembeo unapata g, yaani jinsi dunia inavyokivuta kitu. Kitabu kinasema 9.81. Kila mtu duniani anajua ni 9.81.

Mimi nilihesabu, Bi. Hrynchuk alishika saa. Sekunde 39.8. Kisha 40.1. Kisha 39.9, 39.7, 40.0. Hakuna zilizofanana! Alizichukua hizo hizo, akapiga hesabu, akapata 9.92, inayoweza kuzidi au kupungua kwa 0.04. Hata 9.81 haikufikiwa.

Nilimnong'oneza kwamba jibu ni 9.81, limo katika kitabu, ukurasa wa sitini na nne.

Akaniambia, "Mwalimu, mimi naandika kilichotokea hapa. Hicho kitabu chako hakikuwepo."

Na akaandika kweli. Kwa kalamu ya wino! Sheria ya maabara inakataza penseli na kifutio. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke, kisha unaendelea. Mimi niliwapunguzia watoto alama kwa mistari ya namna hiyo kwa miaka thelathini na saba. Ukurasa wake ulionekana kama uwanja ulioparuliwa na kuku. Chini kabisa akaandika: Sijui kwa nini. Nitapima tena.

Sijui kwa nini! Mwanafunzi wangu akiniandikia hivyo nilimwita mzazi wake.

Akaomba rula ya meza nyingine. Gurleen akamjibu kwamba kila meza itumie vifaa vyake. Bi. Hrynchuk akakaa chini, akavua miwani, akaanza kuitazama rula yetu kana kwamba imemtukana. Niliona jioni inakuja. Nikasema mgongo unauma, nikaondoka. Yeye akabaki.

Nilipiga mluzi njia nzima. Kiti ni changu.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya tatu, na ndiyo yenyewe.

Asubuhi nilinunua daftari jipya la maabara. Lile la zamani lina madoa, na lina maneno ya Bi. Hrynchuk pembeni. Nikakaa kwenye meza ya jikoni na kuanza kutoka mwisho. Jibu ni 9.81. Kwa uzi wa mita moja, mibembeo ishirini lazima ichukue sekunde 40.12. Basi nikaandika 40.12. Ili nisionekane natia chumvi, nikaandika pia 40.11 na 40.13. Kisha 40.12 tena, mara mbili. Wastani wake unapendeza macho.

Vichwa vya habari nimevipigia mstari kwa rula. Jedwali lina fremu. Mwandiko ni ule wa vyeti vya mahafali. Kurasa kumi na nne, hakuna kosa hata moja, hakuna doa. Nililia kidogo.

Nilimwonyesha Thora. Alilipindua kurasa moja moja, akasema linafanana na kadi ya mwaliko wa harusi. Nikamshukuru. Akauliza harusi ya nani. Nikainama kuupuliza wino ukauke.

Ijumaa, 7 Machi

Madaftari yamekusanywa.

La Bi. Hrynchuk lilikuwa juu ya langu katika boksi, na kwa bahati mbaya nililiona. Limelowa kahawa. Ukurasa mmoja umeshikwa kwa gundi ya karatasi. Mistari ya kufuta makosa imejaa kila mahali. Niliona huruma, kwa dhati kabisa. Nilimwambia kwamba muda bado upo, kama anataka nitamnakilia upya kwa mwandiko wangu. Alicheka, akanipiga begani. Akaniambia niache utani, nikatembee na mke wangu.

Nilikuwa nimefurahi mno kiasi kwamba niliondoa gari bila kuchomoa waya wa umeme wa kuipashia injini moto wakati wa baridi. Waya ulikatika. Soketi ya nguzo ya maegesho nayo ilitoka. Nimeiacha juu ya theluji, mahali panapoonekana, pamoja na kijikaratasi cha kuomba radhi. Kijikaratasi hakina kosa.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Nitaandika kwa utaratibu.

Tuliitwa sote wawili ofisini kwa Profesa Desrosiers saa nne. Nilivaa tai. Nilijua ni hafla fupi ya kutangaza mshindi, na nilikuwa nimeandaa maneno machache ya kumfariji Bi. Hrynchuk. Gurleen naye alikuwepo, amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma.

Mezani palikuwa na rula ya meza ya saba. Profesa akanisukumia, akaniomba niitazame mwanzo wake. Nikatazama. Ni rula nzuri ya mbao. Akaniomba nisome namba ya kwanza. Nikasoma: moja. Akaniomba nisome iliyo kabla ya moja.

Haikuwepo. Sentimita ya kwanza imekatwa kwa msumeno na ncha ikapakwa rangi. Rula inaanzia kwenye moja!

Kumbe ndiyo desturi ya jaribio lile la mwisho, kila mwaka. Kila meza hupewa kifaa chenye ugonjwa wake. Meza ya pili ina saa inayochelewa. Meza ya tano ina uzi unaorefuka. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanajua na huweka siri, kwa sababu nao walifanyiwa. Hakuna anayepewa alama kwa kupata 9.81. Alama ni za anayegundua kwamba kuna jambo, au anayekiri kwa maandishi kwamba hajui ni jambo gani.

Profesa akafunga mikono yake juu ya daftari langu. Akauliza kwa upole, na upole huo ndio uliniumiza.

"Mzee Sigurdson, uzi wenu haukuwa mita moja. Ulipungua sentimita nzima. Kwa rula hii, mtu aliyepima kweli anapata 9.91 hivi. Wewe umeipataje 9.81?"

Nikasema, "Kwa uangalifu."

Gurleen akatoa mikono nyuma, na mkononi mwake mlikuwa na ule mwongozo wake, wenye wino wangu mwekundu. Akaufungua ukurasa wa tisa, akausogeza kwa kidole. Palikuwa na sentensi yake: kabla ya kupima, chunguza vifaa vyako, hasa sifuri ya rula. Nilikuwa nimeikata yote. Pembeni, kwa mwandiko wa vyeti vya mahafali, palikuwa na maneno yangu: Sentensi haina kazi. Mtu mwenye akili analijua hili.

Bi. Hrynchuk ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akavua miwani, akafuta macho, akaivaa, akasoma tena, akaivua tena. Gurleen naye akageukia dirisha, mabega yanatikisika. Mimi nilinyoosha tai.

Yeye, Bi. Hrynchuk, aligundua tangu Jumatano ileile. Nilipokimbia na mgongo wangu alitoa mkobani futi ya ushonaji, akailaza kando ya rula, akaona. Hata hivyo hakufuta ile 9.92 ya kwanza. Alipiga mstari mmoja, akaandika chini yake: Rula inaanzia moja, nilipaswa kuangalia mapema, mimi mjinga. Katika daftari la maabara! Profesa aliusoma ukurasa ule kwa sauti, kwa jinsi watu wanavyosoma barua ya mjukuu.

Kisha akanigeukia. Akasema kwamba kubuni vipimo ni kosa ambalo kwa kawaida humpatia mtu sifuri, na barua kwa mkuu wa kitivo. Nilikiona kile chumba cha giza na kioo chake kikifungwa mlango mbele yangu.

Bi. Hrynchuk akasema, "Profesa, usimfukuze Mwalimu. Mibembeo alihesabu yeye, na hakukosea hata mmoja. Mimi nikihesabu hupotea kwenye kumi na nne. Huyu anachoogopa ni kuonekana amekosea, basi. Nimempakia kwenye basi langu mara nyingi akisafiri na wanafunzi, namjua. Hata akipanda gari lisilo lake husema alikusudia."

Jambo hilo lilitokea mara moja tu.

Uamuzi wa Profesa: Alhamisi nitarudia jaribio peke yangu, meza ya tatu, mbele ya Gurleen. Daftari moja, wino, mle mle chumbani, hakuna kunakili nyumbani. Vifaa vya meza ya tatu navyo vina ugonjwa wake, na haniambii upi. Ijumaa idara itakaa na kuamua juu ya kile kiti. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Mzee wangu, mimi nataka kuyaona makosa yako. Sijapata kuona mtu aliyefanya kazi kweli maabarani akatoka na daftari safi namna hii."

Nimeyaandika maneno yake hapa, neno kwa neno. Nitayatafakari.

Jumanne, 11 Machi

Bi. Hrynchuk amepiga simu. Thora ndiye aliyepokea, wakaongea dakika arobaini kuhusu mapishi kabla hajanipa simu. Sasa Thora anamwita Darka.

Ana pendekezo. Amewauliza wanafunzi wa mwaka wa pili, na wamemwambia kwamba kile kioo cha chumba cha giza hakiendeshwi na mtu mmoja. Mmoja anakizungusha, mmoja anakodolea jicho kwenye lenzi. Basi anataka kumwomba Profesa kiti kimoja tukikalie wawili, kwa zamu, meza moja, kwa kuwa tumeshazoeana na kelele zetu. Nilimuuliza yeye anakitakia nini kiti hicho, maana ana alama za kutosha kukipata bila mimi. Akasema ameendesha basi miaka arobaini, na kila siku alikuwa na hofu ya kugonga mtoto wa mtu. Anataka, walau mara moja, kukitazama kitu kinachokwenda kasi kuliko vyote, bila kuwa na wasiwasi kitamgonga nani.

Thora alikuwa ananitazama.

Nikasema nitafikiri.

Thora anasema huo ni wema, mchana kweupe. Mimi nimefundisha watu wa kila aina, na najua mbinu nikiiona. Anataka nini huyu mama? Nimetafuta kwa saa mbili na sijaiona. Ni mjanja kuliko nilivyodhani. Hata hivyo nimempigia na kukubali, kwa sharti kwamba jina langu litangulie. Alisema hata nikitaka niandike la Thora.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari maneno ya Profesa usiku na mchana, na hatimaye nimeyaelewa. Nilikuwa nimekosea kabisa! Nakiri bila haya. Nilimpelekea daftari lisilo na doa, kumbe Profesa, mama wa watu, anapenda madoa. Ningelijua hilo mapema, tusingefika huku.

Basi nimetumia siku nzima kuandaa makosa.

Yako kumi na matatu. Nimeyagawa vizuri, mawili kila ukurasa, ila ukurasa wa tano una matatu, ili yasionekane yamepangwa. Nimefanya mazoezi ya kuyapiga mstari mmoja. Mwanzoni mistari ilinyooka mno kwa sababu nilitumia rula. Sasa naitikisa meza kidogo kwa goti. Maneno Sijui kwa nini yatatokea mara tatu: ukurasa wa pili, wa nne na wa sita. Mimi mjinga litatokea mara moja, karibu na mwisho, kwa wino mzito kidogo. Yote yamo katika kikaratasi kitakachokaa ndani ya soksi yangu ya kushoto. Katika soksi ya kulia itakaa futi ya ushonaji ya Thora.

Matokeo ya kesho ni 9.87. Nimeyachagua leo asubuhi. Yana unyenyekevu.

Doa la kahawa lilinisumbua. Nimejaribu vikombe vitano. Kikombe cha kawaida kinaacha duara kamili, na duara kamili linatia shaka. Kile chenye ufa ndicho bora. Nitakwenda nacho, kimejaa.

Thora aliketi mbele yangu akimenya viazi. Alitazama kikaratasi, akatazama vikombe. Akaniuliza nimejuaje leo makosa nitakayoyafanya kesho. Nikamwambia kwamba mwalimu mwema huandaa somo lake mapema. Akauliza kama ugonjwa wa meza ya tatu nimeshauandaa pia, au huo nimewaachia wenyewe. Nikasema huo ni mdogo. Akarudi kwenye viazi vyake, akasema Darka atafurahi sana kuyasikia haya.

Idara inakaa Ijumaa. Kiti kikishapata mwenyewe, au wenyewe, nitakuandikia siku hiyohiyo, kwa wino, pamoja na makosa machache ya kufaa. Hadi wakati huo utakaa mahali papya ambapo Thora hawezi kukupata. Ni pazuri mno. Amenisaidia kupachagua.